Apolo Kagwa: Kalamu Baada ya Baraza

Mnamo mwaka 1901 kilitoka kitabu kimoja katika lugha ya Kiganda, kilichoeleza habari za wafalme wa zamani wa Buganda, pamoja na wale wa Bunyoro, Koki, Toro na Nkole. Mwandishi wake hakuwa mwalimu wa chuo, wala hakuwa padri aliyepewa kazi hiyo na misheni yake. Alikuwa Katikiro, yaani Waziri Mkuu wa Buganda, tena mmoja wa walezi watatu waliotawala kwa niaba ya Kabaka aliyekuwa bado mtoto mdogo. Mtu huyo alikuwa na mashauri ya kuamua, kodi za kusimamia, mipaka ya ardhi ya kupatanisha na maafisa wa Kiingereza wa kujibizana nao. Hakuna aliyemwamuru kuandika historia, na wala cheo chake hakikumtaka afanye hivyo. Aliandika kwa kuwa alipenda.

Mtu huyo ni hayati Sir Apolo Kagwa. Wengi wetu twamkumbuka kwa siasa yake, na jijini Kampala iko barabara iitwayo kwa jina lake. Lakini leo, ndugu msomaji, yafaa tumtazame kwa upande ambao hautajwi sana, nao ni upande wa shughuli aliyoifanya baada ya baraza kuvunjika. Shughuli hiyo alijifunza mwenyewe, na ndiyo iliyodumu kuliko amri zake nyingi. Aidha, ndiyo inayotuachia swali zito ambalo hatuna budi kulikabili kabla ya kumaliza habari hii.

KIJANA WA GHALA

Kagwa alizaliwa katika miaka ya 1860, katika ukoo wa Nsenene, yaani panzi. Kama ilivyokuwa desturi ya vijana wenye kutarajiwa makuu, alipelekwa kutumika katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Huko aliwekwa miongoni mwa watumishi wa ghala la mfalme. Kazi ya ghala ilihitaji kijana mwaminifu na mwenye kumbukumbu, kwa maana ilimpasa ajue kilichoingia, kilichotoka na aliyekichukua. Mtu aweza kusema kuwa tabia ya kuhifadhi mambo yasipotee ilimwingia huko, kabla hajajua kushika kalamu.

Wakati huo wamisionari wa Kanisa la Kiingereza, ambao wa kwanza wao walifika Buganda mwaka 1877, walikuwa na makao yao Natete, mwendo mfupi kutoka ikulu. Miongoni mwao alikuwamo Alexander Mackay, fundi stadi aliyekuwa na mashine ya kupigia chapa. Vijana wa ikulu walikuwa wakienda huko kujifunza kusoma, na mara nyingi walikwenda kwa hofu, kwani si wakuu wote waliopendezwa na jambo hilo. Inafaa tukumbuke kuwa vitabu vya kwanza vilivyosomwa huko vilikuwa vya Kiswahili, kwa sababu Kiganda kilikuwa bado hakijawekwa katika maandishi ya kutosha. Hivyo lugha ya pwani ilikuwa mlango ambao wengi wa wasomaji wa kwanza wa Buganda walipitia kuingia katika elimu ya kitabu.

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akashika kiti. Mwaka 1886 Mwanga aliwageukia wasomaji, na wengi wakauawa, baadhi yao wakichomwa moto huko Namugongo. Kagwa naye aliingia katika ghadhabu hiyo. Alipigwa, lakini akaachwa hai. Mwaka uliofuata mfalme yuleyule akamfanya mkuu wa ghala. Kisha zikafuata vita vya dini, ambavyo viliwafukuza Wakristo hadi Nkole. Honorati Nyonyintono aliyekuwa akiongoza jeshi lao alipouawa mwaka 1889, uongozi ukamwangukia Kagwa. Katika mwaka huohuo akawa Katikiro, cheo alichokishika kwa muda wa miaka 37 hivi.

Kwa hiyo masomo yake yote yalikuwa ya kijana aliyeiba nafasi kati ya zamu mbili za ikulu. Alifundishwa kusoma na kuandika, akafundishwa dini. Hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuchunguza habari za kale, jinsi ya kupima maneno ya mzee mmoja na ya mwingine, wala jinsi ya kupanga sura za kitabu. Mambo hayo aliyatafuta peke yake.

KWA NINI ALISHIKA KALAMU

Ili tuelewe haja ya kazi yake, ni lazima tujue jinsi Buganda ilivyokuwa ikihifadhi historia yake. Hapakuwa na vitabu, lakini palikuwa na watu na mahali. Mfalme alipofariki, mfupa wa taya lake ulihifadhiwa katika nyumba maalumu, na nyumba hiyo ilikuwa na watunzaji wake waliorithishana kazi hiyo kizazi baada ya kizazi. Watunzaji hao walijua habari za mfalme wao: mama yake alitoka ukoo gani, alipigana na nani, mawaziri wake walikuwa akina nani. Kadhalika kila ukoo ulikuwa na wakuu wake na makaburi yake ya kale, na kwenye makaburi hayo ndiko kulikokuwa na kumbukumbu za ukoo mzima.

Mpango huo ulifaa maadamu watu walikaa mahali pao na wazee walikufa mmoja mmoja, wakiwa wamekwisha kuwarithisha vijana. Lakini katika muda wa miaka michache tu mpango huo ulivunjwavunjwa. Vita vya kuanzia mwaka 1888 viliwatawanya watu. Mwaka 1897 Mwanga aliasi, akashindwa, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akatawazwa chini ya walezi watatu: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mwanzoni mwa karne mpya ukazuka ugonjwa wa malale katika visiwa na pwani za ziwa, ugonjwa ambao unakisiwa kuwa uliua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na Buganda kwa miaka michache. Zaidi ya hayo, dini mpya ziliwafanya vijana wayadharau majumba ya mataya na watunzaji wake.

Waswahili hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Yule kijana wa zamani wa ghala aliona mali ya taifa lake ikitoka mlangoni usiku na mchana, na hapana aliyekuwa akiandika. Hapo ndipo alipoanza.

JINSI ALIVYOFANYA KAZI

Kagwa hakuandika kwa kukumbuka tu yale aliyoyasikia utotoni. Aliita wazee. Padri John Roscoe, mmisionari wa Kiingereza ambaye mwaka 1911 alitoa kitabu kikubwa cha mila za Waganda, alisaidiwa sana na Katikiro huyu katika kuwapata wenye habari. Wazee waliletwa Mengo kutoka sehemu za mbali, wengine mwendo wa siku kadhaa, wakahojiwa juu ya mambo waliyoyajua wao wenyewe: mtunzaji wa kaburi juu ya kaburi lake, mkuu wa ukoo juu ya ukoo wake, mtumishi wa mizimu ya kale juu ya mizimu yake. Kazi ya namna hiyo yataka subira. Mzee hasimulii kwa mpangilio wa sura na aya, bali huanza anapotaka, hurudi nyuma, na pengine hukataa kabisa kutaja jambo mpaka siku ya tatu.

Matunda yake yalikuwa mengi. Baada ya kile kitabu cha wafalme cha mwaka 1901, ambacho kilipanuliwa na kutolewa tena mwaka 1912 na mwaka 1927, alikusanya hadithi za Waganda, zile ambazo watoto husimuliwa jioni. Mwaka 1905 akatoa kitabu cha desturi, kilichoeleza jinsi Kabaka alivyotawazwa, jinsi watoto walivyopewa majina, ndoa zilivyofungwa na maiti walivyozikwa. Akaandika pia kitabu cha ukoo wake wa Nsenene, kisha kitabu cha koo zote za Buganda. Alijipatia hata mashine yake ya kupigia chapa huko Mengo. Hebu fikiri: Waziri Mkuu mwenye kiwanda kidogo cha chapa kwa ajili ya vitabu alivyoviandika mwenyewe katika nafasi zake!

Lililo la ajabu zaidi ni lugha aliyoichagua. Kwa nyakati zile aliyetaka kusifiwa na wakubwa angetamani kuandikiwa habari zake kwa Kiingereza. Kagwa aliandika Kiganda, lugha ambayo Biblia yake nzima ilikuwa imekamilika mwaka 1896 tu. Maana yake ni kwamba hakuwaandikia Wazungu ili wamstaajabie. Aliwaandikia Waganda wenziwe, wale waliokuwa wamejifunza kusoma kama yeye, ili wawe na jambo la kusoma juu yao wenyewe.

SAFARI YA UINGEREZA

Mwaka 1902 Kagwa alialikwa Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Alifuatana na Ham Mukasa, katibu wake na rafiki yake, pamoja na mmisionari Ernest Millar aliyekuwa mkalimani wao. Walisafiri kwa reli mpya iliyokuwa imefika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, wakashuka hadi Mombasa, wakapanda meli. Sherehe iliyokusudiwa kufanywa mwezi Juni iliahirishwa hadi Agosti kwa sababu mfalme aliugua, hata wageni wakapata muda mrefu wa kuitazama nchi ile.

Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba ugonjwa wa kuandika ulikuwa wa kuambukiza. Katika safari hiyo Ham Mukasa aliweka kumbukumbu za kila siku: meli ilivyokuwa, viwanda walivyoviona, watu walivyovaa, chakula walichopewa. Maandishi yake yalitafsiriwa na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1904, nayo ni miongoni mwa vitabu vya kwanza ambamo Mwafrika wa sehemu zetu hizi anaitazama Ulaya na kuieleza kwa macho yake mwenyewe. Kagwa naye alipewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1905.

Baada yao wakafuata wengine. Batolomayo Zimbe, aliyekuwa mchungaji, alitoa kitabu chake cha historia ya Buganda mwaka 1939. Huko Bunyoro, John Nyakatura, aliyekuwa chifu wa saza, alitoa kwa lugha yake habari za wafalme wa Bunyoro-Kitara mwaka 1947, nazo zilikuwa kwa sehemu fulani jibu kwa wale waliokuwa wameieleza Bunyoro kwa macho ya Waganda. Watu hawa hawakuwa wasomi wa vyuo vikuu. Walikuwa machifu, makarani na wachungaji, waliorudi nyumbani baada ya kazi, wakaketi, wakaandika. Wanahistoria wa vyuo waliokuja baadaye walianzia hapo. Kitabu cha desturi cha Kagwa kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Mganda mwenziwe, Ernest Kalibala, na kutolewa huko New York mwaka 1934. Kile cha wafalme kikatafsiriwa na Profesa Semakula Kiwanuka, na kutolewa Nairobi mwaka 1971.

UPANDE WA PILI WA KALAMU

Ingekuwa vyema tukomee hapo kwa sifa. Lakini haki haikubali, kwani Kagwa hakuwa mzee aliyestaafu ambaye aliandika chini ya mti bila kumdhuru mtu. Alikuwa mtawala, na kalamu iliyo mkononi mwa mtawala haiandiki vitabu tu.

Tarehe 10 Machi, 1900, ulitiwa sahihi Mkataba wa Buganda baina ya walezi na machifu kwa upande mmoja na wakili wa Uingereza, Sir Harry Johnston, kwa upande wa pili. Kwa mkataba huo ardhi iligawanywa kwa hesabu ya maili za mraba, na machifu pamoja na watu wengine wapatao 1,000 wakakadiriwa kupata maili 8,000. Ugawaji huo uliachiwa Lukiko, na Lukiko lilikuwa chini ya Kagwa. Yeye na wenzake walipata sehemu kubwa. Katika zogo hilo ardhi nyingi za koo, mahali palepale palipokuwa na makaburi ya mababu, ziliandikwa kwa majina ya watu wasiokuwa na nasaba nazo.

Tazama basi jambo hili lilivyo. Mtu yuleyule aliyeandika kwa uangalifu majina ya wakuu wa koo na mahali pa makaburi yao, ndiye aliyesimamia ugawaji uliowaondoa wengi wao katika makaburi hayo. Ukoo ulibaki kitabuni, ukatoka ardhini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa koo, ambao kwa Kiganda huitwa Bataka, waliungana wakapeleka malalamiko yao mbele ya Kabaka Daudi Chwa. Kabaka aliwasikiliza kwa huruma, lakini Kagwa na Lukiko wakasimama upande wa pili, na serikali ya kikoloni haikukubali kuutengua mgawanyo ule.

Kuna na jambo jingine. Wale wazee waliohojiwa Mengo walijua kuwa wanazungumza na nani. Mzee aliyeulizwa juu ya haki za ukoo wake alikuwa akimjibu mtu mwenye uwezo wa kumpa kiti au kumnyang'anya. Je, alisema yote? Je, hakuongeza hapa na kupunguza pale? Tena katika habari za vita vya dini Kagwa alikuwa msimulizi, na wakati huohuo alikuwa jemadari wa upande mmoja. Si ajabu kwamba Wakatoliki, Waislamu na watu wa nchi jirani waliyakumbuka mambo hayo kwa namna nyingine. Hata hivyo orodha yake ya wafalme, kwa kuwa ilitangulia kupigwa chapa, ndiyo iliyopokewa mashuleni na kuzoeleka. Maandishi yana nguvu hiyo: yakitangulia, yanayofuata huonekana kama uzushi.

Hatusemi haya ili kuivunja heshima ya marehemu. Tunayasema kwa sababu faida na hasara ya kazi yake vilitoka katika chungu kimoja. Kama asingekuwa Katikiro, wazee wasingeitika wito wake kutoka mbali. Na kwa kuwa alikuwa Katikiro, hawakuweza kusema naye kama mtu asemavyo na mwenziwe.

MWISHO WAKE NA FUNZO LAKE

Daudi Chwa alitimiza umri wa kutawala mwaka 1914, na kuanzia hapo uwezo wa Katikiro ulianza kupungua polepole. Maafisa vijana wa Kiingereza hawakumheshimu kama walivyomheshimu waliowatangulia. Mwaka 1926 palizuka mgogoro baina yake na mkuu wa jimbo juu ya vibali vya pombe, jambo ambalo kwa mtu wa makamo yake lilikuwa dogo, lakini ndilo lililomwondoa. Alijiuzulu. Haukupita mwaka, na mwezi Februari 1927 alifariki dunia mjini Nairobi.

Cheo alichokipigania kwa miaka 37 kilikwenda kwa mwingine. Wale aliowaamuru wakaacha kuamriwa, na mashauri aliyoyakata yakasahauliwa. Lakini kitabu chake cha wafalme kilitolewa tena katika mwaka uleule aliokufa. Hata leo Mganda atakaye kujua ukoo wake una matawi mangapi, au mgeni atakaye kujua Kabaka fulani alizaliwa na mama wa ukoo gani, bado huelekezwa kwenye kurasa zile. Kazi iliyomlisha ilikwisha naye, ilhali ile aliyoifanya kwa kupenda ingali hai.

Je, sisi twajifunza nini? Wapo miongoni mwetu wanaosema kuwa kazi za ofisini, dukani au shambani haziwapi nafasi ya kufanya jambo jingine. Kagwa alikuwa na nchi nzima mabegani na bado aliipata nafasi. Wapo wanaosema hawakusoma vya kutosha. Yeye alisomea kati ya zamu na zamu, kwa vitabu vya lugha ya watu wengine. Katika kila kijiji cha nchi yetu yuko mzee ajuaye jina la kisima, sababu ya ugomvi wa koo mbili, dawa ya mti fulani, au wimbo usioimbwa tena. Daftari na kalamu havigharimu sana, na jioni moja kwa juma yatosha kuanza.

Lakini tunapoanza tulikumbuke na lile funzo la pili. Tusiandike ya wakubwa pekee, wala tusimwendee mzee kama wenye amri. Tumwulize na yule aliyeshindwa, na yule aliyenyang'anywa, na yule ambaye jina lake halikuwamo katika orodha. Kagwa alituonyesha kuwa asiyeandika hupotelewa. Wale Bataka waliosimama mbele ya Kabaka wao walituonyesha kuwa hata aliyeandikwa aweza kupotelewa, ikiwa kalamu iko mkononi mwa mtu mmoja.